Tom yum: mgeni kaniomba supu, nikampikia mchuzi wa changu

Mpishi wa Shela aliandika:

Assalam aleikum jamaa. Nina aibu nataka kuitua hapa, kisha mnisaidie.

Mimi napika kwenye nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, Lamu. Vyumba vitano, jiko liko darini. Mambo yangu ni yale niliyofunzwa na bibi yangu mzaa mama: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kamba wa nazi, asubuhi mahamri na mbaazi. Miaka sita sijalalamikiwa. Mwezi uliopita, kaskazi imekolea, akaja mama mmoja mtu mzima na mumewe. Siku ya tatu ananiambia, kwa adabu kabisa, kwamba amechoka na nazi (sikuudhika, kidogo tu), je naweza kumpikia tom yum, ile supu ya Thailand? Nikamwambia naweza. Mimi kukataa sijui, ndiyo kasoro yangu.

Nikaingia kwenye simu. Nikapata maelezo ya Kiingereza, nikayapitisha kwenye programu ya kutafsiri ili nisikosee vipimo. Mchaichai ninao, umeota kando ya tangi la maji. Ndimu tele. Kamba, pilipili, dania, uyoga wa kopo, vyote vipo. Kisha simu ikaniandikia: vijiko vitatu vya mchuzi wa samaki.

Jamani, mimi ni mtu wa Lamu. Mchuzi wa samaki naujua tangu sijaota meno. Nikatoa changu wawili, nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya na bizari, nikaupika mchuzi wa haki ya Mungu, nikachota vijiko vitatu nikatia kwenye supu. Nikaona vijiko vitatu havionekani. Nikaongeza upawa mzima.

Ndimu nazo nikazikamua mapema zichemke na vingine vyote, zikolee. Ilikaa motoni nusu saa. Kamba wakawa wagumu kama kandambili, na supu yenyewe ikatoka rangi ya maji ya mkondo siku za kusi, tena chungu, ule uchungu wa kutafuna mbegu ya ndimu.

Yule mama akaonja. Akaweka kijiko chini. Akaonja tena, Mungu amlipe. Akasema, "Nzuri sana. Hii ni nini?"

Sasa wameenda Kiwayu, warudi kwangu baada ya siku kumi. Nataka kulipa deni. Naomba anayejua aniambie: huo mchuzi wa samaki ni upi? Uchungu ulitoka wapi? Na ina nazi au haina? Maana picha zanichanganya. Moja supu ni nyeupe kama ya kuku wa mgonjwa, nyingine ya rangi ya machungwa na mafuta juu, nyingine nyeupe pee kama tui. Zote zimeandikwa tom yum.

Punda Hachoki alijibu:

Upawa mzima! Nimecheka chai ikanitoka puani, mke wangu kaja kuangalia.

Ushauri wangu: wakirudi, wape supu ya pweza kwenye kikombe, ndimu na pilipili kando, useme ndiyo hiyo. Mtu atoke kwao apite bahari zote aje Shela kula chakula cha Thailand? Mwambie nauli ya Bangkok ni mahali pengine.

Bint Maweni alijibu:

Kaka Mpishi, pole. Na mimi nimecheka, lakini kwa ndani. Usimsikilize huyo hapo juu.

Nilifanya kazi ya jikoni Doha miaka minne kabla sijarudi Malindi. Meza ya pili kutoka yangu alikuwa dada wa Kithai, kazi yake supu na tambi. Haya nitakayokwambia mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyapata kwa kugombezwa.

Mchuzi wa samaki kwanza. Simu haikukudanganya, ni vile hatuna jina lake. Wao huuita nam pla, yaani maji ya samaki. Ni samaki wadogo wa baharini, jamii ya dagaa, na chumvi, waachwa kwenye mapipa mwaka mzima au zaidi, na yale maji yanayotoka ndiyo hayo. Rangi yake ni ya chai ya rangi. Ukifungua chupa utadhani umesimama pwani kwa waanika ng'onda saa saba mchana. Usiogope. Ikiingia kwenye supu ile harufu yafa, yabaki ladha tu. Waitia mahali pa chumvi.

Uchungu ulijitilia mwenyewe, na ndimu. Ndimu haichemshwi! Dada yule alikuwa akiweka maji ya ndimu ndani ya bakuli tupu, pamoja na nam pla na pilipili alizoziponda, kisha amimina supu ya moto juu yake. Mara ya kwanza nilimuona nikadhani amesahau akakumbuka mwisho. Kumbe ndiyo kanuni. Ndimu ikichemka, harufu yake nzuri yapaa na mvuke, wabaki na ukali usio na mwenyewe. Tena nahisi ulizitia na maganda yake na mbegu. Sema kweli.

Lakini kosa kubwa si hilo wala lile. Kosa ni kwamba ulipika mchuzi. Si mchuzi wa changu peke yake, nasema supu yenyewe uliipika kama mchuzi. Mikono yetu ndivyo ilivyofunzwa: kitunguu, nyanya, kaanga mpaka mafuta yaelee, tia, finika, acha ivute. Tom yum hutoka kwenye njia nyingine. "Tom" kwao ni kuchemsha. "Yam" ni jamii ya kachumbari zao, zile za ndimu na pilipili na nam pla. Sasa wewe fikiria kachumbari iliyomwagiwa maji ya moto. Kila kitu kiwe bado kinanukia chenyewe, hakijafa, hakijashikana na mwenzake. Mimi ilinichukua miezi kulielewa hilo, maana kila nikiachiwa sufuria nilikuwa napunguza moto na kutafuta kifuniko, na dada yule akipita anakiondoa.

Kwa watu wanne fanya hivi. Kamba nusu kilo na vichwa vyao, wale wakubwa wa Ngomeni ukipata, wa kwenu pia si wabaya. Ukimenya, vichwa usivitupe. Vitie kwenye sufuria na mafuta kijiko kimoja, uvibonyeze kwa mwiko mpaka yatoke yale mafuta ya rangi ya machungwa. Hapo ndipo utamu ulipo, ndiyo maana Wathai hupenda kutumia kamba wakubwa wa mtoni, vichwa vyao vimejaa. Mimina maji lita moja na kidogo, yachemke kama dakika 15, chuja.

Ukishapata maji hayo, kilichobaki hakifiki robo saa. Mchaichai: sisi twakata majani ya juu ya kutilia chai. Wao majani hayo hawana haja nayo, wataka shina la chini, lile jeupe lililonona. Chukua mashina matatu, ukate mshazari vipande vya kidole, uvipige kwa mgongo wa kisu mpaka vipasuke. Harufu ikikupanda puani kabla hujatia majini, umepata. Kisha vipande sita saba vya kha, ambayo ni ndugu ya tangawizi lakini si tangawizi. Ina harufu ya utomvu wa mti, na ni ngumu, kisu chalia. Kisha majani ya ndimu yao, makrut, jani moja laonekana kama mawili yameungana. Hapa Malindi sijayaona sokoni. Nachuma majani machanga ya mndimu wangu, nayachana, natoa uti wa kati, naongeza ganda la ndimu nililokwangua, lile la kijani tu. Ukifika kwenye jeupe umerudi kwenye uchungu wako.

Hivyo vitatu vikichemka dakika tano, tia uyoga, tia kamba. Wakibadilika rangi na kujikunja, zima. Dakika mbili! Wewe wa nusu saa ulikuwa unawaadhibu. Nam pla vijiko vitatu, ndimu tatu au nne, pilipili kichaa kwa ujasiri wa mgeni, dania juu. Onja. Uchachu uje mbele, chumvi nyuma yake, ukali umalize.

Na mwambie mgeni vile vipande vya mchaichai, kha na majani havitafunwi. Vyabaki chini ya bakuli kama maganda ya iliki kwenye pilau.

Bwana Langoni alijibu:

Hiyo kha ni khulinjani. Yapatikana kwa wauza dawa za Kiarabu, kavu. Marehemu mama alikuwa akituchemshia na asali kifua kikibana, na hakuna mgeni aliyetuomba maelezo ya mapishi. Ni ngumu kama kuni, iloweke usiku kucha ndipo ukate. Mbichi sijaiona muyini.

Mtuzi wa changu kwa supu, mwanangu? Bibi yako yuajua?

Kijana wa Faza alijibu:

Nimesoma Malaysia, na huko hiyo supu ilinilea. Niongeze kuhusu picha zake maana Mpishi hakujibiwa la nazi.

Zile picha ni za supu tofauti. Ile nyeupe ya maji ni tom yum nam sai, "maji maangavu". Ndiyo ile ya Bint Maweni, haina cha kuificha, ukikosea yaonekana. Ile ya rangi ya machungwa ni nam khon, "maji mazito". Wanatia maziwa ya kopo, yale mazito yasiyo na sukari, na kijiko cha nam phrik phao, pilipili iliyochomwa ikasagwa na kukaangwa. Nasisitiza YASIYO NA SUKARI. Mwenzangu mmoja bwenini alitia yale matamu ya chai na tulikula kwa sababu tulikuwa hatuna pesa nyingine.

Ile nyeupe ya tui si tom yum, hata kama mwenye picha ameandika hivyo. Hiyo ni tom kha, mara nyingi ya kuku, tom kha gai. Jina lenyewe halitaji nazi, lataja kha, hiyo khulinjani ya mzee wetu. Ni tulivu, haina pupa. Mtu wa pwani akiionja hujiona amefika kwa shangazi. Lakini mgeni wako amekwambia amechoka na nazi, kwa hivyo hiyo iache.

Halafu jina la mwisho laonyesha kilichotiwa. Kung ni kamba, gai kuku, pla samaki, talay vya baharini mchanganyiko. Ninayoipenda mimi ni po taek, supu ya maji ya kila kitu cha baharini: ngisi, kaa, chaza, samaki, na majani ya mrihani wao. Po ni mtego wa samaki wa kusimikwa miti baharini, taek ni kupasuka. Sisi tungesema "uzio umebomoka". Nilipotafsiriwa nilicheka peke yangu mezani, nikamkumbuka babu yangu, uzio wake ulipobomoka hakuna aliyepika supu, tulinuniwa wiki nzima.

Malaysia waandika tomyam, neno moja. Migahawa mingi ya tomyam ni ya Waislamu wa kusini mwa Thailand, watu wa Pattani, Yala na Narathiwat, lugha yao Kimalei. Ya kwao ni nyekundu zaidi, tamu kidogo, yaliwa na wali na yai la kukaanga. Baada ya Isha, kiti cha plastiki kando ya barabara, mvua yanyesha, pua yakutiririka na hutaki kuacha. Mtu akiniuliza raha ya supu hiyo ni nini namjibu ni hapo: wala umechoka, na ukimaliza uchovu huuoni.

Kwa wanaoogopa: nam pla ni samaki na chumvi. Soma karatasi ya chupa tu, wengine huongeza sukari.

Punda Hachoki alijibu:

Kwa hiyo pwani nzima imekosa chakula, sasa twatafuta maji ya dagaa waliooza mwaka mzima. Haya.

Mtu wa Mnarani alijibu:

Punda, dharau pole pole. Mji wenu wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia 2001. Tom yum kung nayo imeandikwa 2024, kwenye orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Kwa hiyo mko daftari jirani.

Mimi nina duka Malindi, karibu na mnara wa Vasco da Gama, na kila nikiona pilipili nacheka. Pilipili asili yake ni Marekani ile ya kusini na kati. Ni Wareno waliozisambaza Asia, haohao waliotia nanga hapa 1498 kutafuta njia ya Bara Hindi. Kabla yao Mthai alikuwa akiwashwa na pilipili manga. Kwa hiyo hiyo supu "ya asili" ina kitu kilichozunguka dunia kwa jahazi, sawa na pilipili iliyo kwenye achari ya mama yako.

Jambo jingine kwa wafanyabiashara. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliiachia sarafu yake, baht, ielee sokoni. Ikaporomoka, na uchumi wa Asia ukatikisika nayo. Mpaka leo Wathai huuita ule msukosuko "Tom Yum Kung". Sijui sisi shilingi ikianguka tutaiita nini. Biriani?

Mpishi wa Shela alijibu:

Ahsanteni sana. Bint Maweni, nakiri: maganda na mbegu nilitia. Bwana Langoni, bibi hajui na naomba asijue.

Sasa mkasa wa pili. Nilimwagizia binamu yangu nam pla kutoka Malindi. Akapata, chupa ya kioo, akaifunga kwa gazeti, akaitia katikati ya nguo zake kwenye begi, begi likaingia chini ya basi. Barabara mwaijua. Anasema walipofika Witu abiria wa nyuma walikuwa wameshaanza kutazamana. Baada ya hapo kukawa na mzee akiuliza kwa sauti ni nani amebeba papa bila kumkausha. Mokowe, utingo alipofungua buti, alirudi nyuma hatua mbili. Binamu yangu alisimama na wenzake akishangaa vilevile, "Jamani ni nini hicho?", mpaka watu wote wakachukua mizigo, likabaki begi moja.

Kwenye boti alikalishwa mwisho, upande wa chini ya upepo.

Kizibo kililegea tu, chupa haikupasuka. Imebaki kama robo. Na kanzu tatu, mbili za Idd, zimefuliwa mara nne na zikianikwa paka wa Shela wote wako chini ya kamba. Haniongeleshi. Nifanyeje, robo yatosha? Na hiyo nam phrik phao naipata wapi, maana sitaki kumtuma mtu tena?

Bint Maweni alijibu:

Paka! Nimeshindwa.

Robo yakutosha na kubaki, nimekwambia vijiko vitatu. Ikiisha, loweka kipande cha ng'onda na uduvi kiganja kimoja kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa, tumia maji hayo. Si nam pla na Mthai atakujua, lakini yuko mtaa huohuo.

Nam phrik phao usinunue, pika. Chukua pilipili kavu nyekundu kumi, zitoe mbegu kama huna ugomvi na mtu. Vitunguu vyekundu vidogo sita na kichwa kizima cha kitunguu saumu, na maganda yao, uvitie juu ya makaa mpaka viungue nje na ndani vilegee. Pilipili zigeuze kwenye kikaango kikavu, dakika moja hivi, zikianza kukukohoza toa, zikiwa nyeusi zimeharibika. Menya vitunguu, twanga vyote kwenye kinu. Kinu, usitie mashine, mashine inafanya uji. Tia uduvi mkavu vijiko viwili, twanga tena. Kisha kaanga kwenye mafuta mengi, moto mdogo, uongeze ukwaju mzito na sukari guru ukubwa wa yai la njiwa. Ikoroge mpaka iwe na rangi ya kahawa iliyoiva na mafuta mekundu yajitenge juu. Kumbe ukaangaji wako wa mchuzi hatimaye una kazi! Tia kwenye chupa, yakaa wiki nyingi.

Kijiko kimoja cha hiyo, na yale mafuta yake juu ya bakuli, ndiyo supu ile ya rangi ya machungwa uliyoiona. Maziwa ukitaka. Mimi huyaacha.

Bwana Langoni alijibu:

Nimemuona huyo kijana wa kanzu msikitini Ijumaa. Nilidhani ni mvuvi, nikampa nafasi kwa heshima.

Mpishi wa Shela alijibu:

Wamerudi juzi kutoka Kiwayu. Jana usiku ndiyo ilikuwa.

Nilipanga kila kitu mbele kabla ya kuwasha moto, kwenye visahani, maana nilijua mikono yangu itanisaliti. Kifuniko cha sufuria nilikipeleka chini kabisa, kwa mlinzi. Khulinjani nilipata Mkomani, kavu, nikailoweka usiku. Mzee alisema kweli, hata baada ya kulowa kisu kilikuwa kinateleza. Vichwa vya kamba nilivibonyeza mpaka mafuta yakatoka, nikasimama nayatazama, kwa sababu miaka sita navitupa hivyo vichwa kwa paka.

Maji yalipochemka na mchaichai, harufu ilishuka ngazi ikawafikia wao huko chini kabla ya supu. Mumewe akapanda kuuliza ni nini. Nikamwambia subiri. Nikatia uyoga. Nikatia kamba, nikahesabu kwa saa ya simu, mkono wa kushoto nimeuweka nyuma ya mgongo. Nikazima. Ndimu ilikuwa tayari ndani ya bakuli, na nam pla, na pilipili tano zimepondwa. Nilipomimina supu juu yake ule mvuke ulinipiga usoni, macho yakanitoka maji, nikapiga chafya nimegeukia baharini. Nikatia kijiko cha ile pilipili ya kinu, mafuta mekundu yakatawanyika juu kama matone ya nta.

Nilionja ya kwangu kwanza, nimesimama. Sikilizeni, mimi ni mtu wa nazi. Nazi humbembeleza mtu. Hii yakukamata kola. Yaanza na ndimu, kisha yaja ladha ya chumvi ambayo si chumvi tu, ina kina, kisha pilipili yapanda taratibu, na mwisho kabisa, ukishameza, mchaichai warudi tena kama mtu aliyesahau kiatu mlangoni.

Yule mama alikula mabakuli mawili. Hakusema nzuri sana. Hakusema kitu. Alikuwa akifuta pua na kitambaa na kurudi kwenye bakuli. Mumewe alifika nusu, akavua shati la juu, akaomba maji, nikampa wali kama Kijana wa Faza alivyosema, akamaliza.

Na bibi alikuja. Sikumualika, ni binamu aliyemwambia, kisasi cha kanzu. Akakaa kwenye mkeka, nikampa bakuli dogo, pilipili moja tu. Akanywa mchuzi wote kimya. Kisha akachukua kipande cha mchaichai akakitafuna kama muwa, akatema makapi kwenye kiganja, akachukua kingine. Nikamwambia bibi, hivyo havitafunwi. Akasema, "Basi wavitilia nini?" Akavimaliza vyote. Akanirudishia bakuli akasema imekosa nazi.

Sasa Bint Maweni, dadangu, usinikasirikie. Mgeni ameuliza kesho kutwa naweza kupika pad thai, zile tambi zao za kukaanga. Nimemwambia naweza.

Bint Maweni alijibu:

Una ukwaju?